Kitoweo cha Mama Mlinzi

Miaka ya tisini ikielekea ukingoni, nilipanga chumba ghorofa ya kwanza huko Dengfeng, Uchina, nikisubiri kiwanda kimalize viatu vyangu vya biashara. Kila siku waliniambia kesho. Nyuma ya jengo palikuwa na mtaro wenye majani marefu, na humo aliishi ndege wa majini, mgongo mweusi, kifua cheupe pe, na vifaranga wake watano weusi kama masizi.

Nikishaswali alfajiri nilikaa dirishani kuwatazama. Mama alitangulia, akichezesha mkia. Wao nyuma, wakikanyagana. Wanangu niliwaacha Unguja, nikawapenda hawa bila hata kuona haya.

Kwetu wali uliobaki hautupwi jalalani, humwagiwa kuku. Nami nikawamwagia, kwanza kando ya mtaro, kisha nikausogeza kidogokidogo mpaka mlangoni, chini ya dirisha langu, nipate kuwaona vizuri. Ubinafsi tu. Mama yule, ambaye zamani kivuli tu kilimkimbiza, akazoea kula mbele za watu.

Mlangoni hapo alikaa mlinzi wetu, mama wa makamo, mkarimu kupita kiasi. Aliniita laoban, yaani bosi, kama walivyotuita wafanyabiashara wote. Alijua sili nguruwe, na hilo lilimtia huruma; alikuwa akinigusa shavu kunionyesha nilivyokonda. Siku moja alimnyooshea kidole yule ndege, kisha akalinyooshea tumbo langu. Nilidhani ni utani, nikacheka na kuitikia kwa kichwa.

Siku ya pili yake nilirudi kutoka sokoni nikamkuta ananingoja na bakuli. Ndani alikuwemo yule ndege, amenyongwa, ameshanyonyolewa.

"Laoban, kula," akasema kwa Kichina.

"Buyao," nikamjibu. Sitaki.

Akacheka. Sokoni sote tulisema buyao ili kushusha bei, hakuna aliyeliamini. Akanisukumia bakuli mikononi. Kichina changu kilikuwa cha bei na kukataa tu; sikuwa na maneno ya kumwambia alichofanya, wala nilichofanya mimi. Hata kumla nisingeweza, maana hakuchinjwa. Nikashukuru, ningefanyaje?

Nililiweka bakuli ngazini, nikashuka mtaroni. Vifaranga walikuwa wakilia majanini. Nikapiga magoti kwenye tope, kanzu na vyote, nikawaita kama tunavyoita kuku nyumbani. Waliponiona walikimbia wote watano, kila mmoja upande wake.