Kufuli Iliyokuwa Mkononi mwa Rachida

Rachida wa Kasongo hakuwa mtu wa kusafiri, na si kwamba hakupenda. Harusi ya dada yake kule Salamabila ilimpita. Arobaini ya mjomba wake ikampita pia. Watu wa ukoo walishaanza kusema kwamba ordinateri, ile kompyuta yake, imemuoa. Yeye alicheka nao, akarudi nyumbani, akalia kidogo jikoni, kisha akafungua mashine yake tena, maana majibu ya damu hayangojei mtu amalize kulia.

Ndiye aliyetengeneza programu ya mtandaoni ya labo moja pale mjini. Mgonjwa wa kule Wamaza akitolewa damu, chupa inapanda piki hadi Kasongo, Antoine wa labo anapima na kuandika majibu ndani ya programu, na programu inatuma kiungo kwenye simu ya mwuguzi. Mwuguzi anabonyeza, anasoma, anatoa dawa. Raha tupu, isipokuwa jambo moja: viungo vilizaliwa vibaya. Vilitoka vikianza na http kavu, bila ile s ya mwisho inayoifunga njia ili majibu ya mtu yasisomwe na macho mengine huko katikati. Simu zilitoa onyo kwamba njia haina usalama, na wauguzi, tangu mwenzao mmoja aibiwe kwa kiungo cha matapeli, walikuwa wameapa: bila alama ya kufuli, hatubonyezi. Nani angewalaumu?

Basi Rachida akafanyaje? Akazuia kila ujumbe ili upite kwake kwanza, akawa anaitia hiyo s kwa mkono wake, kiungo kwa kiungo, asubuhi mpaka jioni, kama mwanamke anayetia chumvi sahani kwa sahani na chungu kiko mbele yake. Alijua ni upuuzi. Lakini siku moja aliwahi kujaribu kuirekebisha programu yenyewe. Aliiamuru kila anayeingia imrudishe kwenye njia iliyofungwa, na jamani! Ikaanza kuzunguka: inamtuma mtu mlangoni, mlango unamrudisha ndani, ndani wanamtuma tena mlangoni, mpaka simu zote zikakata tamaa. Labo ilishinda kutwa nzima bila kutuma jibu hata moja. Tangu hapo aliogopa kuigusa.

Ndipo simu ikalia kutoka Kabambare. Alikuwa Shangazi Mwayuma, dada wa baba yake, aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Sasa alikuwa kitandani, pumzi haimtoshi.

"Rachida, mutoto yangu, utakuya kuniona nikingali na macho, ao utakuya pa matanga?"

"Nitakuya, shangazi."

"Ulisemaka vile hata mwaka uliopita."

Rachida akakata simu. Barabara ya Kabambare haina mtandao. Akipanda piki, viungo vitakwama na wauguzi watakosa majibu. Asipopanda, atamzika shangazi yake kwa simu. Akamfuata Antoine, amwombe amshikie kazi.

"Da Rachida, mimi niko na damu ya watu mukononi kutwa nzima," Antoine akasema. "Nitasahau kiungo kimoja, na hicho kimoja kitakuwa cha mutoto wa mutu."

Alisema kweli, na kweli yake ilimuudhi Rachida vibaya sana.

Akaketi mbele ya mashine. Safari hii hakukimbilia kuamuru. Alifuata njia ya mgeni tangu anapobisha. Kumbe kuna seva ya mbele, inayokaa kama mlinzi wa lango. Inampokea mgeni kwa njia iliyofungwa, inafungua kufuli, kisha inampeleka ndani kwa programu kwa njia ya wazi. Programu maskini haijawahi kuiona kufuli! Inadhani kila mtu amekuja kwa njia ya wazi, kwa hiyo nayo inaandika viungo vya wazi. Na siku ile alipoiamuru iwarudishe watu, iliwarudisha hata waliokwisha kuingia vizuri.

"Aka! Kumbe ni hii tu?" Alijipiga paja. Hapakuwa na haja ya kumrudisha mtu yeyote. Alifungua faili la mipangilio, akaongeza mstari mmoja wa kuiambia programu kwamba kila kiungo inachoandika kianze na https, iwe imeona kufuli ama haijaona. Akaizima, akaiwasha, roho juu juu. Kisha akaondoa kile kizuizi chake, akamwambia Antoine atume kiungo cha majaribio Wamaza, na yeye akaenda kukaa mbali na mashine, mikono ameikalia.

Aliyepiga simu alikuwa Émérance, mwuguzi wa Wamaza.

"Da Rachida, kiungo kimefika. Umekitia mukono?"

"Sijakigusa."

"Kufuli iko."

"Angalia tena."

"Iko, nakwambia! Sasa unalia nini?"

Alilia kweli, na safari hii hakukimbilia jikoni. Antoine alisimama mlangoni akicheka, akamwambia aende haraka kabla ya mvua kuharibu njia.

Alifika Kabambare amejaa tope mpaka nyusi. Shangazi Mwayuma alikuwa hai. Amekonda, lakini hai, alhamdulillahi, na ulimi wake haukukonda hata kidogo.

"Kile kitu yako, nani anakichunga?"

"Hakuna mutu, shangazi. Kinajichunga."

"Na mwaka uliopita kilikuwa hakijui kujichunga?"

Rachida aliinamisha kichwa. "Kingejua. Mimi niliogopa kukigusa."

Shangazi akasogea ukutani taratibu, akapiga godoro kwa kiganja mahali alipokuwa akimlaza zamani.

"Nawa tope, ukuye hapa. Na hiyo simu, uzime."

Rachida akaizima mchana kweupe, akalala.