Bustani Iliyofagiliwa

Mume wangu alikuwa mchora mabango. Miaka ile ya tisini, biashara zilipofunguliwa, kila mwenye chumba kinachotazama barabara pale Igogo alitaka duka, na kila duka lilitaka jina lenye rangi tatu. Kazi ilimfuata hadi mlangoni, naye kichwa kikamvimba. Basi nilipomwomba atutengenezee bustani nyuma ya wodi ya watoto nilikokuwa muuguzi, tena bure, alinitazama kama vile nimemwomba jicho lake moja. Nilinuna siku mbili. Ya tatu akachukua jembe.

Sikuomba mapambo mimi. Wodini nilikuwa na mgonjwa, binti wa miaka saba aliyeungua mguu kwa uji wa moto. Kidonda kilikuwa kinafunga, lakini goti nalo lilikuwa linajikunja, na daktari alishasema asipotembea sasa atabaki hivyo hivyo. Mtoto hataki. Kwa kuwa mimi ndiye niliyemnyoosha goti kila asubuhi, alinichukia, wala hakunificha. Nikiingia wodini anajifunika shuka gubigubi.

Mume wangu alimwona akijifunika. Wiki nzima alifanya kazi chini ya dirisha la mtoto huyo. Alichora samaki sato, ndege korongo, kiboko na wengine wa ziwani kwenye mawe bapa, kila jiwe na mnyama wake, akayapanga kama hatua za kukanyaga, yazunguke hadi kwenye jabali kubwa la uani: ya mwanzo karibu karibu, ya mwisho mbali mbali. Pembeni akapanda maua ya porini aliyoyachimba ufukweni mwa ziwa, kule Pasiansi. Kisha, kwa kuwa yeye ni Mhaya na kwao ardhi ikiwa tupu ni aibu, akatandaza nyasi kavu kila mahali, nene kama godoro.

Kesho yake akina mama waliokuwa wakiuguza watoto, karibu wote Wasukuma wenzangu, waliamka mapema watusaidie. Kwetu nyasi mlangoni ni kukaribisha nyoka, na uwanja wa mtu anayejiheshimu hufagiliwa hadi udongo ubaki mtupu. Wakafagia nyasi zote. Wakang'oa na maua wakidhani ni magugu. Mawe wakayarundika vizuri ukutani. Nilipofika walikuwa wananawa miguu, wakaniuliza kama nimeona kulivyopendeza.

Mume wangu alipoona, alikaa juu ya jabali amevimba. Akasema yeye basi, anarudi kwenye mabango yake, na kwamba sisi Wasukuma tungefagia hata ziwa tukipata fagio la kutosha. Nami nikampa vidonge vyake: nani alimtuma kuwatandikia nyoka vitanda hospitalini? Tulikuwa bado tunarushiana maneno niliposikia mtu anajikokota nyuma yangu.

Alikuwa yule binti. Ameegemea ukuta, shuka mabegani, kisigino cha mguu mbaya hakigusi chini. Mimi hakunitazama.

"Shikamoo fundi," alimwambia mume wangu. "Kiboko alikuwa wa tatu. Mimi nayajua yote."

Mume wangu aliyekuwa akikumbuka kila herufi ya kila duka la Igogo akamjibu, bila haya hata kidogo, kwamba yeye amesahau kabisa, labda amwonyeshe. Wakaanza. Yeye anabeba jiwe, mtoto anajongea mpaka mahali pake na kupakanyaga, ndipo linawekwa. Akina mama wakasimama kando na mafagio yao. Nilimpenda mwanamume yule siku ile kuliko siku ya harusi yetu.

Mawe matatu ya mwisho yalimshinda mtoto. Goti liligoma, akalia kwa uchungu. Mume wangu akauliza kama ayasogeze karibu.

"Yaache hapo hapo," mtoto alisema. "Kesho nitafika."

Nikambeba hadi kitandani, akakubali. Asubuhi nilipoingia na mafuta yangu ya kumkandia goti, shuka lilikuwa limekunjwa pembeni. Alikuwa ameshautoa mguu, ananisubiri.