Maman wa Mabafu

Yule maman wa Kivu aliyetunza mabafu ya umma ya mtaani kwetu, Brussels, hakujua kubisha hodi. Muda wako ukiisha, alipiga mlango kwa kandambili, mjomba akimwita ‘tonton’ na dhambi akiziita ‘zambi’: “Tonton, unaosha nini humo, zambi? Toka!” Jengo lilipita miaka mia, na watalii wakilisifia marumaru yake, yeye alicheka mpaka kilemba kikalegea, akachanganya Kifaransa na Kiswahili cha kwao: “Bon, maskini balikuwa bananuka, donc bakajenga.” Mwaka 2012 mabafu yalifungwa. Siku ya mwisho diwani alisoma historia ndefu, kisha akataka funguo. Maman hayupo. Mlango mmoja ulikuwa umekomewa kwa ndani, mvuke ukitoka chini yake. Nikatumwa nigonge. Nikavua kiatu, nikagonga.

“Ungoje kwanza, tonton! Zambi zangu ni mingi.”