Mwakani Nitabatizwa

Nakumbuka siku moja, Jumapili ya kwanza ya Kwaresima, mwinjilisti wetu pale Kituntu, Karagwe, alisimama kutaja majina ya watakaobatizwa Pasaka. Alipofika kwenye jina langu niliinuka, nikasema mbele ya watu wote, "Mimi bado. Niweke mwakani." Mwaka uliotangulia nilikuwa nimesema hivyo hivyo, na ule wa kabla yake pia. Mtu mmoja nyuma yangu akacheka kwa pua. Mimi nikaketi, nikijiona mnyenyekevu kuliko wote waliokuwamo humo ndani.

Mwanangu, unaniita mzee kwa kuwa wamenichagua kuwa mzee wa kanisa, ingawa kichwa changu bado hakijaota mvi. Wasiwasi nao haujanitoka. Hata haya ninayokuandikia nimeyafuta na kuyaanza upya, nikiogopa kukosea. Lakini Jumapili iliyopita, baada ya ibada, uliniambia kwamba utabatizwa mwakani, ukishajirekebisha. Siwezi kunyamaza. Neno hilo nalijua ladha yake, na nusura linikoseshe mke.

Miaka hiyo ya themanini nilikuwa kijana wa kujisomea mwenyewe. Shule niliiacha mapema baba alipougua, nikabaki kwenye kibanja chetu na migomba na mibuni. Kusoma nilijiendeleza kwa chochote chenye maandishi: gazeti lililofungia sukari, maelezo ya kwenye kopo la dawa ya kahawa. Kisha nikaazimwa kitabu kimoja kilichong'oka jalada, kilichoeleza jinsi Wakristo wa kwanza walivyoamini na walivyosali. Hicho nilikisoma hadi nikawa naota mambo yake.

Nilijifunza kwamba hawakuwa na majengo ya ibada. Walikutana nyumbani kwa mmoja wao, siku ya kwanza ya juma, jua halijachomoza, kwa sababu waliamini kwamba Bwana alifufuka alfajiri ya siku hiyo. Walimwimbia Kristo kama Mungu wao, wakati watawala wa Rumi wakitaka kila mtu amfukizie mfalme ubani. Walimega mkate. Mtumwa na bwana wake walisalimiana kwa busu la amani. Walifunga Jumatano na Ijumaa, na chakula walichojinyima wakawapelekea wajane. Aliyetaka kubatizwa alifundishwa muda mrefu, pengine miaka mitatu, na kila Jumapili alitolewa nje kabla ya meza ya Bwana, kwa kuwa meza ile ilikuwa ya waliobatizwa.

Nikataka kufuata yote bila kupunguza hata nukta. Nilifunga Jumatano na Ijumaa katika msimu wa kulima, nikaanguka kwenye shamba la maharage. Nikalishawishi darasa letu la ubatizo litoke nje kabla ya meza ya Bwana, kama wale wa kale. Siku tuliyoanza, mvua ilikuwa ikinyesha. Katika darasa alikuwamo Mzee Kabera, aliyekuja kutoka Rwanda akiwa kijana, akaishi kwa kulima mashamba ya watu kule Kamuli kabla ya kuhamia kwetu. Alifika mlangoni, akaitazama mvua, akanigeukia.

"Kijana, hao wa kwanza, kwao mvua ilikuwepo?"

"Ilikuwepo, mzee."

"Basi walikuwa na makoti," akasema, akarudi kuketi.

Darasa zima likamfuata. Nililoa peke yangu.

Lakini lililonishika zaidi ni jambo lililokuwa mwishoni mwa kitabu. Baada ya vizazi kadhaa, wapo walioahirisha ubatizo hadi kwenye kitanda cha mauti, wakihofu kutenda dhambi baada ya kuoshwa. Nilifurahi kama mtu aliyepata ndugu zake ugenini. Kumbe siko peke yangu! Kila nilipojikagua niliona doa. Nilimtukana mbuzi wa jirani, na jirani mwenyewe nikamtukana moyoni. Nilitamani baiskeli ya mwalimu. Nilisali huku nikiwaza bei ya kahawa. Nikasema, nitabatizwa nitakapokuwa safi, nisije nikayachafua maji matakatifu.

Wakati huo nilikuwa nimemchumbia Kokushubira, ambaye sote tulimwita Koku. Baba yake, Mzee Ishengoma, alikuwa na duka la vitambaa pale Bugene. Alikuwa Mlutheri aliyehamia kutoka Muleba, mtu asiyesema neno mara mbili. Jumapili ile ile niliyokataa, alinisubiri nje ya kanisa. Nikamwamkia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kwa hiyo bado?"

"Bado, baba. Sijawa tayari."

"Sikiliza. Binti yangu hataolewa nje ya kanisa, na mchungaji hatafungisha ndoa na mtu ambaye hajabatizwa. Nimekungoja kwa adabu. Pasaka hii ikipita, nampeleka Muleba kwa shangazi yake, na uchumba umekwisha. Usije ukasema hukuambiwa."

Akaenda zake. Koku alikuwa amesimama hatua chache nyuma yake, ameshika mwavuli. Akanisogelea.

"Hao watu wa kitabu chako, walibatizwa lini?"

"Wengine walipokaribia kufa," nikasema.

"Kwa hiyo mimi nikae naomba uugue?"

"Koku..."

"Niambie tu nijipange. Nikuvishe pete kwa mkono huu, na kwa mkono huu nikufumbe macho?"

Nilidhani atacheka. Hakucheka. Aligeuza uso upande wa barabara, nikaona bega lake linatikisika.

Siku zikaenda. Niliendelea kujikagua, na kadiri nilivyojikagua ndivyo nilivyozidi kuona madoa. Pasaka ilipokaribia, yule mwinjilisti wetu, Petro, akaja nyumbani. Alikuwa mzee mwembamba, aliyezunguka vijijini kwa miguu, viatu amevifunga kamba na kuvitundika shingoni ili visiishe haraka. Alinikuta kibanjani nakata majani makavu ya migomba. Akachukua kisu kingine, tukakata pamoja mpaka tukafika mwisho wa mstari. Ndipo akauliza, huku bado anakata:

"Wewe ndiye msomaji wetu. Wale watu wa Yerusalemu waliochomwa moyo siku ya Pentekoste, walibatizwa lini?"

"Siku ile ile."

"Na yule Mwethiopia aliyekuwa ndani ya gari, aliyeona maji njiani?"

"Alisema, kitu gani kinanizuia nisibatizwe?"

"Akasubiri mwakani?"

"Hakusubiri."

"Na mlinzi wa gereza kule Filipi? Yule aliyewapiga mitume pingu miguuni, hata damu yao haijakauka?"

"Usiku ule ule, yeye na jamaa zake."

Akaacha kukata. Akanitazama, na sauti yake haikuwa ya upole tena.

"Hao ndio wa kwanza. Wewe umewaruka ukaenda kuchagua waoga waliokuja nyuma yao. Mimi nakuona, kijana. Unataka umfikie Bwana siku ambayo huna haja naye tena. Umejioshea mwenyewe, umejikausha mwenyewe, halafu uje umwonyeshe. Hiyo unaiita unyenyekevu? Mimi naiita kiburi, na nimekiona kikivaa nguo nyingi, lakini hii yako ni mpya."

Mwanangu, nilikasirika. Nilitaka kumjibu kwamba hajasoma kitabu changu. Kisha hasira ikanitoka yote kwa pamoja, nikaketi juu ya majani makavu kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni.

"Naogopa nitakosea," nikamwambia.

"Utakosea. Wale wa kwanza walikosea pia; soma barua za Paulo uone alivyowagombeza. Lakini waligombezwa wakiwa ndani ya nyumba."

"Basi niandike."

"Jina lako sikuliondoa," akasema, akachukua viatu vyake akaenda.

Mchungaji alikubali tubatizwe kwenye kijito kilicho chini ya kilima, alfajiri ya Pasaka, kama walivyozoea wale wa kale kubatiza katika maji yanayotembea. Tulishuka gizani tukiimba, vitenge vya akina mama vikifagia umande. Mimi nilivaa kanzu nyeupe niliyoazimwa na jirani yetu Mwislamu, ambaye mwenyewe alisimama ng'ambo ya pili kuitazama kanzu yake. Mzee Ishengoma alikuwa juu ya ukingo, mikono nyuma. Koku alikuwa kando yake.

Tukaingia majini hadi magotini. Yalikuwa baridi ya kukata. Mchungaji akatueleza kwamba Wakristo wa kale waligeuka kwanza magharibi, jua linakozama, wakamkataa Shetani. Ndipo wakageuka mashariki, linakochomoza, wakamkiri Kristo. Tukageuka magharibi. Mzee Kabera akainua mkono.

"Mchungaji, huko ndiko kwetu Rwanda. Ina maana Shetani tulimwacha nyumbani?"

"Hata Karagwe yupo, mzee. Tunamfukuzia tu kwenye giza."

"Basi mumfukuze taratibu, nina dada yangu kule."

Watu wakacheka, tukamkataa Shetani kwa sauti moja, tukageuka mashariki. Juu ya vilima mbingu ilikuwa imeanza kuwa nyekundu. Mimi nikawa wa kwanza kuitwa. Nilikuwa nimejiandalia ungamo refu la imani, nimelikariri kila neno, ili lisikike kama la wale mashahidi wa kale mbele ya mahakimu. Mchungaji akaniwekea mkono kichwani.

"Unamwamini Mungu Baba Mwenyezi?"

Nikafungua kinywa. Hapakuwa na kitu. Neno la kwanza lilikuwa limenitoroka, na mengine yote yakalifuata. Nilisikia maji yakipita. Nilisikia mtoto mmoja akikohoa. Nikamwona Mzee Ishengoma akishusha mikono, na nikajua: hiki ndicho nilichokiogopa miaka yote, kimenikuta, na kimenikuta mbele ya kila mtu.

Nyuma yangu, meno yakigongana, Mzee Kabera akasema, "Kijana, jibu. Maji haya si ya kukaa na kuwaza."

Mwanangu, nilicheka. Katikati ya ubatizo wangu nilicheka kwa nguvu, na kanisa zima likacheka nami, na mchungaji pia, mkono wake ukitikisika juu ya kichwa changu. Na katika kicheko kile hofu ikanitoka. Nikakumbuka kwamba wale wa kwanza, walipoulizwa majini, hawakutoa hotuba. Walijibu neno moja.

"Naamini!" nikapaza sauti, ndege wakaruka kutoka kwenye mafunjo.

"Unamwamini Yesu Kristo, aliyesulubiwa, akafa, akafufuka siku ya tatu?"

"Naamini!"

Na sasa sikuwa peke yangu. Ukingo wote uliitikia, wengine kwa Kiswahili, wengine kwa Kinyambo na Kihaya, na Mzee Kabera kwa Kinyarwanda chake. Mara ya tatu nilipoulizwa, sauti yangu haikusikika kabisa ndani ya zao. Maji yakamiminwa kichwani, na jua likatoka.

Tulipopanda ukingo, akina mama walitungoja na maziwa yaliyotiwa asali, kama walivyonyweshwa waliozaliwa upya zamani zile. Mzee Ishengoma akanijia mbele ya watu wote. Hakunipa mkono, alinikumbatia, kanzu ikimlowesha koti. "Amani iwe kwako, mwanangu," akasema, na neno hilo la mwanangu alilikazia. Koku akapiga vigelegele hadi sauti ikakauka. Tulipanda kilima tukiimba kwamba amefufuka, na waliokuwa bado wamelala wakatoka milangoni. Siku ile mwenye duka na kibarua wa mashambani walikaa mkeka mmoja, wakala ndizi na maharage katika sinia moja, na sikuona haja ya kufungua kitabu nihakikishe kama ilikuwa sawasawa. Mahindi ya msimu ule hayajavunwa, nikamwoa Koku wangu.

Basi nasaha yangu ni hii, na naiweka wazi ili usipate pa kujifichia. Jifunze imani yako kwa bidii. Mimi sitamsifu mtu mvivu. Ila usiyageuze mafundisho kuwa ukuta wa kujikinga na yule anayekuita. Usafi unautafuta ukiwa umeingia, pamoja na wenzako, na siku ambayo ulimi wako utakwama waache wakuitikie. Mwinjilisti atakapotaja jina lako, usiinuke kukataa kama mimi; baki umeketi.

Mungu aliyewapokea wale wa kwanza na matope yao miguuni akupokee na wewe hivyo hivyo. Akuondolee woga, akupe ndugu wa kukucheka bila kukudharau, na asubuhi ya Pasaka inayokuja akuchomozee jua lake ukiwa majini. Amina.