Zuurakan na Kimya cha Darasa la Nne

Zuurakan alikuwa mshauri wa walimu wa wilaya yetu, huku juu milimani Naryn. Alikuja shuleni na lori la maziwa, miguuni buti za manyoya, mfukoni peremende ambazo hakumgawia mtu. Kazi yake ilikuwa kusoma tafiti za waliochunguza ufundishaji, kisha kutuletea kwa maneno ya kawaida. Hakufoka kamwe. Alikaa nyuma ya darasa akatazama, basi, na mimi nilimwona msumbufu.

Baridi ile nilikuwa na mzigo moyoni. Saikal wa darasa la nne hakuwa amesema neno tangu barafu ya mto ilipompasukia pacha wake, Ulukman, akazama. Kamati ya wilaya ilikuwa imeamua: asiposema kabla theluji haijayeyuka, atapelekwa bweni la watoto bubu mjini, amwache mama ambaye sasa hana mwingine. Upande wa dawati aliokalia Ulukman ulibaki wazi, na hakuna mtoto aliyethubutu kuweka hata kofia pale. Kimya cha darasa lile kilinitisha. Kwa hiyo nilifundisha kwa kuitikiwa: nauliza, wote wanapaza sauti, naendelea.

"Mdogo wangu," Zuurakan aliniambia wakati wa mapumziko, "unauliza, unajibu mwenyewe. Hawa watoto wamekuja kuota moto?"

"Si wanajibu wote, dada? Hukuwasikia?"

"Nimesikia kelele. Kuna watu walikaa madarasani na saa mkononi, wakaona mwalimu akiuliza hasubiri hata mtoto ameze mate. Waliosubiri kidogo tu walianza kuwasikia wale wasiosemaga. Usiniamini mimi. Jaribu."

"Hao watu hawajakaa na darasa langu."

"Ndiyo maana nimekaa mimi."

Somo lililofuata lilikuwa maji na barafu. Nilitaka kuliruka, kama nilivyoliruka tangu msiba. Zuurakan akaweka kidole juu ya ukurasa. "Hili ndilo wanaloliwaza kutwa," akasema. "Uliza."

Nikauliza kwa nini mto huganda juu, chini maji yakaendelea kwenda. Vinywa vikafunguka kuitikia, nikavizuia kwa mkono. Nikasubiri.

Kuni zikalia ndani ya jiko. Mtoto mmoja akageuka kutazama ile nafasi wazi, kisha mwingine, kisha wote, kama kondoo waliosikia kitu sisi tusichosikia. Ilikuwa Alhamisi, siku ambayo kwetu hukaangwa maandazi ili harufu iwafikie marehemu. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa karatasi tangu vuli, lakini harufu ya mafuta ya moto ilijaa darasani, nzito, kana kwamba sufuria ipo juu ya jiko letu. Niliogopa, sifichi. Nilitaka kupiga kelele yoyote ile.

"Subiri," Zuurakan akasema polepole kutoka nyuma.

"Ulukman anasema," ikaja sauti iliyokwaruza, "ni ili samaki wapate pa kukaa."

Ilikuwa ya Saikal. Alikuwa ameinamisha kichwa kuelekea ile nafasi, jinsi mtu anavyosikiliza mnong'ono.

Nikauliza: "Anasema... lini?"

"Kila siku anajibu," akasema Saikal. "Ni wewe, mwalimu, usiyemsubiri."

Zuurakan alikuja akachutama kando ya dawati, upande wa Saikal, si ule mwingine. "Asante, Ulukman," akasema. "Na wewe, Saikal, unasemaje?"

Akasubiri. Kimya hiki kilikuwa kirefu kuliko cha kwanza, na harufu ikaanza kupungua.

"Mimi nasema barafu ni nyepesi," mtoto akajibu. "Inaelea." Kisha akalia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Kamati ilikuja, ikamsikia, ikaondoka bila yeye. Zuurakan alistaafu, na lori la maziwa sasa humleta mshauri mwingine. Juzi aliniuliza kwa nini, nikishapata jibu sahihi, nasubiri tena kidogo huku nikitazama dawati lisilo na mtu.

Nilimwambia kuna mwanafunzi mwingine ambaye bado hajajibu.