Keki ya Ubatizo Niliyoiita Akika

Jumapili kwetu Maskati ni siku ya kazi, kwa hivyo niliaga ofisini kwamba nna miadi ya meno, nikaendesha gari mpaka duka la keki Qurum. Mhindi wa dukani akaniuliza keki ni ya sherehe gani. Nilikuwa na neno ubatizo kwenye ncha ya ulimi, lakini nyuma yangu kasimama jirani yetu wa Al Khoudh, yule asiyepitwa na la mtu. Nikajikuta nasema, "Ya akika," kana kwamba mtoto ni wa Kiislamu.

"Mashallah!" jirani akadakia. "Nani kazaa?"

"Jamaa wa mbali," nikamjibu. Toba yarabi, jamaa wa mbali! Alikuwa mjukuu wa dada anayetusaidia kazi nyumbani, mwanamke wa Moshi, Mkristo wa kusali kila asubuhi kabla hajawasha jiko. Mjukuu wake wa kwanza, kapewa jina lake, na siku ile anabatizwa kwao.

Naye dada alikuwa awepo. Likizo yake ilishafika. Alishanunua gauni jeupe la mtoto, kila akipiga pasi nguo zetu na lile analipitishia pasi, wakati halijavaliwa hata mara moja. Mara mama yangu akateleza bafuni, akavunjika nyonga. Nikamfuata dada jikoni. "Nakuomba usubiri mpaka bi mkubwa asimame." Alikuwa anaosha vikombe. Akaosha kimoja kwa muda mrefu sana, kisha akasema, "Haya mama, hamna shida."

Shida ilikuwapo, na miye niliiona. Nna ndugu zangu hapa hapa Al Khoudh, wanawake wazima wenye magari. Sikumuuliza hata mmoja kama angemwangalia bi mkubwa. Hao wangeniambia hapana, na dada hakuwa na pa kuisemea hapana. Gauni likasafiri na mtu mwingine, na mimi, kwa dhamiri kunisuta, nikaona basi angalau nimtafutie keki, naye akate huku wenzake wakikata kule.

Nilipofika nyumbani tukafungua boksi mezani jikoni. Alaa! Mwezi mwandamo wa dhahabu katikati, na nyota kuuzunguka. Nilitamani ardhi ipasuke. Dada akaitazama keki, akanitazama, akaangua kicheko mpaka akashika meza.

"Mama! Mjukuu wangu amesilimu lini?"

"Nisamehe, dada, wallahi niliona haya pale dukani."

"Haya ya nini sasa? Lete kisu." Akaukwangua mwezi na nyota zake, akalainisha krimu, akafungua kopo langu la viungo vya pilau, akatoa vijiti viwili vya mdalasini na kuvipanga msalaba. Keki ikapendeza kuliko ilivyotoka dukani.

Tukaiegemeza simu kwenye chupa ya chai. Kule Moshi ukumbi umejaa, vigelegele juu ya vigelegele, mtoto amelala fofofo ndani ya gauni lile. Kwao keki ya ubatizo haikatwi tu, watu hulishana, wanaitwa mmoja mmoja. Mshereheshaji akaita wazazi, akaita wasimamizi wa ubatizo, halafu akapaza sauti: "Na bibi mwenye jina, yuko Omani! Bibi, kata keki, umlishe uliye naye hapo!"

Aliye naye ni mimi. Kabla dada hajakata, binti yake akaichukua simu ya kule, uso wake ukajaa kioo, akaniamkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Hongera."

"Asante sana, mama. Mama yangu ametuambia ulishataka kumkatia tikiti, akakataa mwenyewe, hawezi kumwacha mama yako kitandani. Akasema hata keki umemnunulia. Mungu akubariki kwa moyo huo."

Ukumbi mzima ukanipigia makofi. Nikamtazama dada, alikuwa ameinamia keki, anakata taratibu. Hakuwaambia kwamba nilimzuia. Kanisitiri mbele ya watu wake, siku aliyonyimwa na miye, na wao wanaipigia makofi fadhila ambayo sikuifanya. Nikasema moyoni, hapana, hili siwezi kulimeza. Nikafungua mdomo niwaambie ukweli.

Dada akanitia kipande cha keki mdomoni.

"Kula, mama," akasema polepole, bila kunitazama. "Wanatuangalia."