Siku Nilipoitukana Kwaya ya Mama kwa Kijapani

Jamani, chekeni sasa mmalize, maana hata nikificha haisaidii, nusu ya mtaa wetu wa Ndosho ilikuwa kanisani siku ile, na aliyejiaibisha ni mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu (hata shetani wa kumsingizia sina).

Mnajua mtaani kwetu ni mimi peke yangu ninayejifunza Kijapani, kwa simu, bila mwalimu, na majirani hawakuchoka kumwuliza mama yangu kama hicho Kijapani kitaleta bugali mezani. Mama ndiye anayeongoza kwaya ya wamama wa parokia, na alikuwa amenitetea mpaka maneno yakamwishia. Basi tukasikia masera mmoja, mtawa Mjapani, anakuja kututembelea, nikapewa kazi ya kuisifu kwaya mbele yake kwa lugha yake, na mama akavaa kikwembe kipya akaniambia, "Leo batakujua."

Nilikuwa na sentensi rahisi: wimbo ni mzuri. Lakini kiburi (kile cha mtu aliyesoma ukurasa mmoja zaidi) kikanituma niongeze heshima. Nilikuwa nimekariri shukrani za kiofisi, "kansha ni taemasen", yaani nashukuru kupita kiasi. Sasa mimi mtu wa Kiswahili, "ni" naijua tangu utotoni, nikajisomea hivi: shukrani NI taemasen, kumbe taemasen ni sifa ya kitu kinachostahili sana! Kusikiliza ni "kiku". Nikaunganisha.

Kwaya ikaimba, na kweli iliimba, nami nikasimama, nikainama, nikatamka taratibu: "Kono uta wa, kiku ni taemasen." Watu wakapiga makofi. Masera peke yake hakupiga.

Papa mmoja, mzee wa baraza la parokia, akasema, "Masera, anasema nini? Utufasirie, tusikie na siye." Masera akakwepa, akabanwa, mwisho akasema polepole kwa Kifaransa kwamba wimbo huu ni insupportable, hausikiliziki. Neno lile halikuhitaji mkalimani, wamama wote wanalijua, ndilo wanalowaitia waume zao. Mama akanigeukia. "Miye? Mama yako, mbele ya bantu bote?"

Nikamweleza masera habari ya "ni" yangu, akacheka mpaka akafuta machozi, kisha akawaeleza watu kwamba "ni" ya Kijapani si "ni" ya Kiswahili, na taemasen ni kushindwa kuvumilia: shukrani zikikushinda, hiyo ni heshima, wimbo ukikushinda, hayo ni matusi. Kinachostahili kusikilizwa husemwa "kiku ni taeru", bila kukanusha. Halafu akaongeza kwamba wageni wengi wanaosoma Kijapani darasani wanaiogopa sarufi hiyo, hawaigusi kabisa. Nikamgeukia mama, nikaitamka sentensi yangu upya kwa sauti, sawasawa, na nawaambia, kifua kilinijaa.

Tangu hapo nimeapa: sisemi neno la heshima kabla sijajua likikanushwa linakuwa nini. Ila kesho yake jirani alipoanza kucheka mlangoni kwetu, mama hakuacha hata kuchambua maharage yake. "Wa kwangu alikosea mu Kijapani," akamwambia. "Ba kwenu banakoseaka mu luga gani?"